Mlango Mmoja wa Ziwa

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na ufundi mmoja wa kujivunia: alichora Ziwa Tanganyika kwa mstari mmoja, bila kuinua chaki. Alianzia juu kabisa, upande wa Uvira, akateremka na ukingo wetu wa Kongo, akapita Kalemie, mji wetu, bila hata kupunguza mwendo, akafika Mpulungu kule chini, akazunguka, akapanda na ukingo wa ng'ambo, yaani Tanzania na Burundi, mpaka pale alipoanzia. Kisha alirudi nyuma kidogo akalitazama. Lilitoka jembamba na limepinda, kama muhogo. Tulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, muhogo ule tulikuwa tumeshauona kila mwaka, na hakuna aliyeshangaa tena. Ziwa lenyewe lilikuwa pale nje, nyuma ya ukuta wa choo. Ukitaka kuliona, unaomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

Mwaka huo mama yangu alikuwa ndani ya ziwa hilo, na darasa zima lilijua.

Alikuwa mchuuzi wa maharagi. Kila mara alipanda boti ya mbao yenye mota, akaenda Moba, akanunua maharagi yanayoteremshwa kutoka milima ya Kirungu, akarudi kuyauza katika soko la Kalemie. Safari hiyo aliifanya tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa akituaga kama mtu anayekwenda bombani kuchota maji. Mwezi wa nane, wakati upepo wa kusini unapokuwa mkali, boti ilitoka Moba asubuhi na haikufika. Wavuvi waliwaokota wale waliokamata bidoni, madumu matupu ya plastiki. Wengine walipatikana baadaye wakiwa wameshakufa, wakazikwa. Mama hakuwa kati ya hawa wala kati ya wale.

"Muntu ambaye hatujaona mwili yake, huyo hajafa," Papa, yaani baba yangu, alisema, na hakutaka kusikia neno jingine.

Kwa hiyo hapakuwa na kilio. Watu wa mbali huenda wasijue jambo hili lina uzito gani kwetu. Mtu akifa, turubai linafungwa uani, wanawake wanatandika mikeka chini na kulala hapo, majirani wanaleta unga na kuni, na kila anayeingia kwenye ua analia kwa sauti kabla ya kusalimia. Lakini mwanamke aliyeolewa hawezi kuliliwa hivi hivi. Kwa upande wa mama yangu, mume ndiye anayepaswa kwenda kwa miguu yake mpaka kwa ndugu wa mke, akae chini mbele yao, aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto wao amefariki. Hapigi simu wala hatumi mtu. Asiposema, wao hawaanzi, hata kama walijionea wenyewe.

Na wao walijua tangu siku ya kwanza. Wajomba zangu ni watu wa ziwa, ukoo wao ulishuka kutoka upande wa Fizi ukifuata samaki, na ziwa limeshachukua wengi kwao. Hawagombani nalo. Lakini walimngoja Papa. Kila Jumapili baada ya misa, mjomba mkubwa alikuja kwetu, akaketi kwenye kiti uani, akanywa maji, akaniuliza habari za masomo. Papa alimweleza habari za treni. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa maji, akaondoka. Hakuuliza kitu. Mama mdogo, yule mdogo wake Mama aliyehamia kwetu kutupikia, alikuwa anamsindikiza mpaka njiani, na alirudi na macho mekundu.

Papa alikuwa mtu wa reli. Alizaliwa Nyunzu, akaletwa Kalemie na kazi, na maisha yake yote aliyapitisha pale gari, yaani stesheni ya treni, akifunga na kufungua mabehewa. Treni zetu mnazijua. Ikitoka inatoka, na kufika ni habari nyingine. Inaweza kukwama porini mpaka abiria wakapanda vitunguu kando ya njia, ndivyo tulivyokuwa tunatania, lakini mwisho wake inafika. Nadhani hapo ndipo alipopata imani yake. Hakuwa ametia mguu kwenye boti hata siku moja. Shemeji zake walimwita mtu wa nchi kavu, naye alicheka, maana ilikuwa kweli.

Mimi sikuhisi kitu. Nasema hivi kwa sababu watu waliniuliza sana, na wengine walinichungulia usoni kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Nilikuwa naamka, nafagia, navaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, naenda shule. Nilifanya vizuri kuliko mwaka wowote. Mwili wangu wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaushika, hausemi kitu. Mama mdogo siku moja alinitazama ninavyokula, akaweka kijiko chini.

"Wee mutoto, moyo yako njo jiwe?"

"Sijui, Mama."

"Hata kidogo hauliake?"

"Hatujafanya kilio," nikamwambia. "Nilie wapi?"

Nilisema hivyo ili aninyamazie tu, lakini nikagundua kwamba ni kweli. Kwetu kulia kuna mahali pake na saa yake, kuna watu wa kukushika unapoanguka. Peke yako uani unalia nini, na kuku wanakutazama?

Somo la kwanza la ziwa mwaka ule lilikuja mvua zilipoanza. Mwalimu alichora muhogo wake, kisha akaandika majina ya mito inayoingia: kutoka kaskazini, kutoka ng'ambo, kutoka kwetu. Mishale midogo midogo, yote inaelekea ndani. Halafu akachora mshale mmoja unaotoka, pale pale Kalemie, akaukoleza kwa chaki nyekundu. Lukuga. Akatusomea tuandike, kwa Kifaransa kama kawaida, kwamba ziwa lina njia moja tu ya kutokea.

Kifaransa kilinisaidia sana mwaka ule. Kwa Kifaransa ziwa lilikuwa ziwa la shule. Lina urefu, lina kina, ni la pili duniani kwa kina, unaandika na kupiga mstari chini yake. Hakuna aliyekufa kwa Kifaransa. Tatizo lilikuwa kwamba wale wa nyuma hawakuelewa, na mwalimu, ingawa ilikatazwa, alikuwa anarudia kwa Kiswahili.

"Maji yote haya unayoona," akasema, "mulango yake njo moja tu. Njo Lukuga yetu. Kila kitu ya ziwa inapitia hapa kwetu."

Msichana niliyekaa naye dawati moja aliusogeza mguu wake ukagusa wangu, akauacha hapo. Nilitaka autoe, lakini sikusema.

Jioni hiyo, wakati tunakula, Papa aliniuliza tulisoma nini. Hakuwa na tabia ya kuuliza. Nikamwambia kama nilivyoandika, nikiwa na ugali mkononi: ziwa lina mlango mmoja, nao ni Lukuga. Papa aliacha kutafuna.

Sasa mjue kwamba Lukuga huohuo, ukishatoka ziwani, unakwenda magharibi mpaka Nyunzu. Papa aliukulia. Alipokuwa mtoto, dada yake mdogo alichukuliwa na maji akifua nguo, na wazee hawakuhangaika kumtafuta pale alipozama. Waliteremka na mto mpaka kwenye kona moja ambako maji yanatua na kutema vilivyopotea: ndoo, mbuzi, mitumbwi. Wakangoja. Yule mtoto alikuja, wakamtoa, wakamzika, na mama yao akamlilia mpaka akatosheka. Hadithi hii alitusimulia mara nyingi tukiwa wadogo, na sikuzote aliimaliza kwa sauti ya mtu aliyelipwa haki yake. Kwa watu wa Nyunzu, maji yanachukua na yanarudisha. Ni suala la kujua pa kusimama.

Kesho yake Papa alikwenda darajani. Daraja la Lukuga haliko mbali na kwetu. Alisimama kwenye ukingo, upande wa juu, akiangalia maji yanayotoka ziwani. Keshokutwa yake alibeba kiti. Sikujua kama alikuwa anangoja mtu hai au mwili, na sidhani kama mwenyewe alijua. Wanawake wanaofua pale walimzoea. Waendesha pikipiki waliopita darajani walimpungia mkono. Mama mdogo alimpelekea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, na aliporudi aliniambia kwa ukali kwamba mimi na Kifaransa changu tumemtafutia shemeji yake kazi.

Ikawa hivyo. Na nikaona jambo jingine: Papa hakuniuliza tena kuhusu masomo ya siku nyingine. Aliniuliza siku za jiografia tu. Alikuwa ameshika ratiba yangu kichwani, mtu ambaye hakuwahi kujua niko mwaka wa ngapi.

"Leo jeografi mulisoma nini?"

Kama tulikuwa tumesoma jangwa au viwanda vya Ulaya, aliitikia tu na kuendelea kula. Jangwa halikumhusu. Alikuwa anasubiri tulirudie ziwa.

Tulilirudia. Mvua ilikuwa nyingi, na ziwa lilikuwa limepanda mpaka nyumba za mtaa wa chini zikaingiwa na maji. Wanafunzi wenzetu wawili watatu walihamia kwa ndugu zao. Mwalimu akaona hiyo ni nafasi nzuri ya kutufundisha kitu tunachokiona, na akafundisha vizuri, sina ubaya naye. Alisema mvua inaingia nyingi, na mlango umezibwa. Pale Lukuga unapoanzia, mchanga umejaa, majani na mafunjo yameota juu yake, maji yanapita kwa shida. Akachora mlango umebanwa na vitu vidogo vidogo kama nywele.

Niliporudi nyumbani nilijua ataniuliza, na nilijua nitamjibu. Sikuwa na sababu ya kutomjibu. Sikuwa na sababu ya kitu chochote miezi ile. Nikamwambia: mlango umezibwa na mchanga na majani.

"Aah," akasema Papa. Alisema hivyo kama fundi aliyeonyeshwa mahali injini inapogonga. "Njo maana."

Akachukua panga na jembe la mama yangu, lile alilolimia mihogo nyuma ya nyumba, akaenda kuufungua mlango wa ziwa.

Mngemwona mngecheka, na watu walicheka. Mzee wa reli, amekunja suruali mpaka magotini, anaogopa maji kiasi kwamba anashika majani kwa mkono mmoja na kukata kwa mkono mwingine. Alikuwa anakata, anavuta, anatupa juu ya ukingo, anapumzika, anaanza tena. Majani yale yanaota haraka kuliko panga la mtu mmoja. Ukifyeka leo upande huu, wiki ijayo yamekuja upande ule. Mwanzo watu walidhani ni salongo, ile kazi ya mtaa ya kusafisha, ila wakashangaa mbona yuko peke yake na mbona si Jumamosi. Mama mmoja aliyepita na beseni la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani alisimama akamshukuru.

"Papa, aksanti kwa kazi. Serikali imelala, wee tu njo unatusaidia."

Siku nyingine nilikuwepo nimemletea chakula, akaja kijana mmoja mwenye shati safi na beji shingoni. Akamsalimia kwa heshima, akamuuliza anafanya kazi na ONG gani, yaani shirika gani. Papa alinyoosha mgongo, akafuta uso kwa mkono wenye tope.

"Ya bibi yangu," akasema.

Yule kijana akaitikia kwa kichwa. Nafikiri alidhani bibi, yaani mke wake, ana shirika. Akamwambia amfikishie salamu, ni kazi nzuri, akaenda zake. Papa hakucheka. Mimi nilichukua bakuli nikaanza kulifunika, na sijui mpaka leo kama nilitaka kucheka au nini.

Nyumbani mambo yalibaki yalivyokuwa. Mjomba alikuja Jumapili, akanywa maji, akakikuta kiti cha Papa kitupu, maana sasa hata Jumapili Papa alikuwa mtoni. Aliketi na mama mdogo na mimi. Hakulalamika. Siku moja tu, alipoinuka kuondoka, alisema bila kumtazama mtu: "Tuko tunamungojea tu. Mama yetu amezeeka, lakini anangojea." Bibi yangu mzaa mama alikuwa hai bado wakati ule, na alikuwa hajaruhusiwa kumlilia mtoto wake. Hilo nililielewa vizuri. Nililielewa jinsi nilivyoelewa kwamba Lukuga unaingia mto Lualaba. Halikuniuma popote.

Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho. Mtihani wa taifa, Exetat, ulikuwa karibu, na mwalimu alikuwa anaharakisha masomo yaliyobaki. Asubuhi moja akachora muhogo kwa mara ya mwisho. Leo, akasema, tunahesabu: maji yanaingia kutoka wapi, yanatoka kupitia wapi. Akatusomea kwa Kifaransa. Niliandika bila kufikiri kama nilivyozoea, na nilikuwa nimeshafika mwisho wa sentensi ndipo nikaona nilichokiandika. Maji mengi ya ziwa hayatoki kwa Lukuga. Yanatoka kwa kupanda juu, jua likiyachoma yakawa mvuke. Lukuga unapata kilichobaki, kidogo tu, na ni maji ya juu juu. Maji ya chini hayapandi kabisa. Hayachanganyiki na ya juu. Kule hakuna hewa, hakuna samaki, ni giza, na kilichoshuka huko kinabaki huko.

"Mwalimu, hatujaelewa," mmoja wa nyuma akasema. Kulikuwa na mmoja sikuzote.

Mwalimu akaanza kwa Kiswahili. "Maji ya chini iko nzito, haipandake. Kitu ikifika kule…" Macho yake yakanikuta. Nikamwona anatafuta mahali pa kutazama, akageukia ubao, akarudi kwenye Kifaransa haraka haraka, akikoleza mstari ambao ulikuwa umekolea tayari.

Hapo nilikasirika. Sikuwa nimekasirika mwaka mzima, hata nilijishangaa. Watu wote walikuwa wananizunguka kama shimo njiani. Nikainua mkono.

"Mwalimu, malizia kwa Kiswahili."

"Umeelewa, wewe. Unaelewaka Kifaransa."

"Malizia tu, Mwalimu."

Mwalimu akaweka chaki chini. Akaniambia mimi, si darasa, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kitu ikifika kule chini, inabakia kule chini. Ziwa haiirudishe." Nikamwambia aksanti, Mwalimu. Nikaandika kwa Kiswahili, chini ya Kifaransa.

Mchana nilipita nyumbani, mama mdogo akanipa bakuli, nikaenda mtoni. Papa alikuwa ameketi kwenye ukingo, miguu imejaa tope, panga kando yake. Alikuwa amekonda mwaka ule. Nilimpa chakula, nikaketi, nikaanza kurudia masomo kwa sauti kama nilivyofanya siku zote zile karibu na mtihani. Yeye alipenda kunisikiliza. Nilianza na milima, nikaja kwenye reli, ambayo aliitikia kwa kichwa, nikafika kwenye ziwa. Ningeweza kuliruka. Nilisoma kwa Kifaransa mpaka mwisho, kwa mwendo uleule mmoja.

Papa alijua Kifaransa cha reli, cha mabehewa na ajali na kuchelewa. Alikunja uso.

"Sema tena. Kwa Kiswahili."

"Maji mengi ya ziwa haipite hapa, Papa. Inapanda juu, na jua. Hapa inapita kidogo tu."

"Kidogo namna gani?"

"Ile ya juu juu."

Alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye bakuli taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Na ile ya chini?"

"Ya chini inabakia chini."

"Hata mvua ikiwa mingi?"

"Hata."

"Hata tukifungua hapa muzuri? Tukitosha mchanga yote, tukiitupa?"

"Hata, Papa. Haipandake."

Alitazama maji. Yalikuwa yanapita pale mbele yetu, ya rangi ya chai, yamebeba kipande cha tete na kandambili moja ya mtoto. Alikitazama kile kiatu mpaka kikapita chini ya daraja. Nilitaka aniulize swali jingine, lolote, nimjibu, kwa sababu kujibu nilikuwa naweza.

"Njo vile munasoma," akasema mwishowe.

"Njo vile."

Aliteremka akaosha miguu. Akaosha panga, akaosha jembe, akalisugua na mchanga mpaka chuma kikang'aa, ingawa lingeenda kuchafuka tena. Tulirudi nyumbani, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma na bakuli. Mama mdogo alipomwona anarudi mchana alishika mdomo. Papa akampita, akaingia chumbani, na kabla jioni haijafika akalitoa godoro nje, akaliegemeza ukutani. Akalala chini kwenye mkeka, kama mume aliyefiwa anavyolala. Mama mdogo alikwenda jikoni, nikasikia anapuliza moto kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Jumapili Papa alivaa koti la reli, lile la sherehe lenye vifungo. Aliniambia niende naye. Kwa desturi angechukua kaka yake, lakini kaka zake wote wako Nyunzu, na treni ndiyo hiyo. Tulitembea mpaka kwa mjomba mkubwa, karibu na pale boti zinapoegeshwa. Walipotuona tunakuja kwa miguu, yeye amevaa koti, walijua. Nilimwona mke wa mjomba anaita watoto waingie ndani. Mikeka ilitandikwa. Wajomba wote wakaitwa, na bibi akatolewa nje, akashikwa mikono na kukalishwa, miguu yake myembamba imenyooshwa mbele.

Papa akaketi chini mbele yao. Njiani nilimsikia anayatayarisha maneno yake, midomo inatikisika. Alifungua mdomo, akasema: "Shemeji zangu." Akafunga. Akafungua tena, hakikutoka kitu. Yule mtu wa kueleza treni kuanzia asubuhi mpaka jioni, alikaa pale anashikashika vifungo vya koti lake.

Mjomba alimngoja. Halafu, kwa upole, akauliza swali ambalo mume huulizwa.

"Shemeji. Mutoto wetu tulikupatia, iko wapi?"

Papa akanigeukia. Sikuwa nimewahi kuona uso wake namna ile, na natumaini sitauona tena kwa mtu yeyote.

"Wee njo unajua," akaniambia. "Waambie."

Bibi aliinua kichwa. Wote walinitazama, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyenichungulia kutafuta machozi. Walitaka jibu tu.

"Iko ndani ya ziwa, Mujomba," nikasema. "Kule chini kabisa. Maji ya kule haipandake. Hatatokea kwa Lukuga, na hatatokea ngambo. Iko pale, na atabakia pale."

Sauti ilikuwa yangu, lakini ilikatika kwenye neno la mwisho, na sikujua kwamba ingekatika.

Mjomba aliinamisha kichwa. Walikuwa wanajua yote haya kabla yangu, kabla ya mwalimu na chaki yake. Akanyoosha mkono akanishika kichwani.

"Aksanti, mutoto," akasema. "Sasa tunaweza kulia."

Bibi ndiye aliyeanza. Wajomba wakafuata, kisha majirani wakaingia uani mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake, na Papa akalala kifudifudi kwenye mkeka na koti lake la vifungo, wakamshika mabega. Mimi nilichelewa kuanza kuliko wote. Asubuhi yake, wanawake walipokuwa wanaosha sufuria na watu wanakunywa chai, mimi bado nilikuwa nalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.